Nani Alimwua Kazimoto?

Mwanafunzi wa kidato cha sita ukimwuliza kwa nini Kazimoto alijiua, jibu analo mfukoni: alimkana Mungu. Nimeyasoma madaftari matatu ya uchambuzi wa Kichwamaji, moja la mdogo wangu na mawili ya wenzake, na yote matatu yameandika hivyo chini ya "Dhamira", tena kwa maneno yanayokaribiana mno hata nikajiuliza nani kamnakili nani. Msomi aliacha dini, akakosa mwelekeo, akajiua. Imekwisha. Vyema inapigwa, mtihani unapita, na mkana Mungu pekee ambaye vijana wengi wa nchi hii watakutana naye kitabuni anazikwa palepale na hoja zake.

Mimi nasema kesi hii haijasikilizwa. Na niseme mapema, msomaji asije akadhani namvizia: mimi mwenyewe ni mmoja wa hao wasioamini. Kwa hiyo nina maslahi katika shauri hili. Lakini hata mwenye maslahi anaweza kusoma kitabu vizuri, na ndicho ninachoomba tufanye.

Hebu tukifungue. (Ambaye hajakisoma anisamehe, kimetoka 1974, siri imeshavuja.) Kazimoto ni kijana wa Chuo Kikuu anayerudi nyumbani. Manase, kijana aliyekua naye na ambaye sasa ni mkuu wa wilaya, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Mama yao naye anafuata. Msiba juu ya msiba. Kazimoto anafikiria kulipa kisasi, halafu maisha yanamzungusha mpaka anamwoa Sabina, ambaye ni dada wa huyo huyo Manase. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto wa Kazimoto anazaliwa vilevile, tena maiti. Nyuma yake kuna ugonjwa ulioletwa na mapenzi ya ujanani. Kazimoto anajua sasa kwamba alichokibeba mwilini ndicho kilichomwua mwanawe. Hapo ndipo anajiua.

Sasa niambie, ndugu yangu, katika orodha hiyo Mungu amekaa wapi? Kuna mkubwa wa serikali aliyefanya atakavyo na binti wa watu. Kuna vifo viwili ndani ya nyumba moja. Kuna ugonjwa, aibu, na mtoto aliyekufa kabla hajalia. Ni kweli Kazimoto anabishana kuhusu Mungu kitabu kizima, na hamalizi akiwa upande wa kanisa. Lakini Manase je? Ugonjwa ni uleule, msiba wa mtoto ni uleule, na hakuna daftari hata moja kati ya yale matatu lililouliza Manase anaamini nini. Manase ameandikwa chini ya "Uongozi mbaya" na Kazimoto chini ya "Athari za kutomwamini Mungu". Nani aligawa vichwa hivyo vya habari? Siyo Kezilahabi.

Na tumchukue Kezilahabi mzima-mzima, siyo kipande. Mzaliwa wa Ukerewe, 1944, aliyesoma seminari, akaja kuwa mwalimu wa vyuo vikuu na kufariki 2020. Katika riwaya zake tatu za mwanzo kila shujaa wake anakufa vibaya. Rosa, katika Rosa Mistika ya 1971, amelelewa na baba mkali, mlevi, mwenye mkono mwepesi; jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria na shule aliyosoma ina jina la Rozari. Naye anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, lakini sijasikia mchambuzi akihitimisha kwamba rozari ndiyo iliyomwua. Tunasema ni malezi, tunasema ni wanaume, tunasema ni Charles aliyemkataa. Na tuko sahihi. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, ananyongwa baada ya kumwua mkuu wa wilaya, na hapo tunasema ni mali na siasa za wakati ule. Kwa Rosa tunatafuta sababu. Kwa Tumaini tunatafuta sababu. Kwa Kazimoto tu ndipo tunaambiwa sababu inajulikana, tusipoteze muda.

Huo ndio msingi wa malalamiko yangu. Muumini akianguka, tunauliza alipitia nini. Asiyeamini akianguka, tunasema tulijua.

Nadhani kosa linaanza kabla ya kitabu, linaanza kwenye lugha yenyewe. Chukua neno imani. Kwa Kiswahili ni kusadiki, na papo hapo ni huruma. Tunasema "mwonee imani mtoto wa mwenzio", tunasema "yule mama hana imani kabisa, kamfukuza mfanyakazi usiku wa manane". Basi nikisimama mbele ya watu nikasema mimi sina imani, nusu ya wasikilizaji wamesikia kwamba siamini na nusu wamesikia kwamba naweza kumfukuza mtoto wa watu usiku. Kafiri naye yuko hivyohivyo: asili yake ni asiyeamini, lakini mtaani ni mtu katili, anayekula haki ya yatima. Na "hana dini huyo" husemwa juu ya mwizi anayesali kila wiki. Mwingereza ana neno lake la kumwita asiyeamini na jingine la kumwita asiye na huruma; sisi tumeyafunga kamba moja. Silaumu lugha, ni tamu na ni yetu. Ila mwandishi anayeitumia bila kuiangalia atajikuta ametoa hukumu kabla mhusika hajafungua mdomo.

Kutoka hapo linakuja lile swali la kijiweni, ambalo kila mmoja wetu ameshaulizwa: "Sasa wewe kama huamini, nini kinakuzuia usiibe?" Huulizwa kwa kicheko, lakini muulizaji anasubiri jibu kweli. Jibu langu huwa ni kumwuliza yeye: leo asubuhi hukuiba, je, ulikuwa umekaa unapiga hesabu za moto? Anacheka. Hakuiba kwa sababu mwenye mali ni jirani, kwa sababu alilelewa, kwa sababu angejiona mchafu. Vitu hivyo na mimi ninavyo. Mangi wa dukani kwetu ananikopesha unga mpaka mwisho wa mwezi. Hajawahi kuniuliza nasali wapi. Anauliza nakaa nyumba gani na nililipa lini mara ya mwisho. Hiyo ni falsafa ya maadili kamili kabisa, na inaendesha duka.

Muumini makini ana hoja bora kuliko ya moto, na ni haki kuisema. Atakwambia dini imejenga hospitali na shule, imewapa wajane pa kulilia, imewatoa walevi barazani. Kweli tupu. Mimi nimezaliwa katika hospitali ya misheni. Lakini kusema dini huwasaidia wengi kuwa wema si sawa na kusema wasio nayo hawawezi. Sentensi ya kwanza ni ushuhuda, ya pili ni kashfa.

Wapo wenzangu wasioamini ambao hapa hupenda kuchomoa mfano wa Rwanda. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, wakauawa humohumo ndani, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Mfano ni wa kweli na unaumiza. Lakini nikisema "basi ubatizo ndio uliowaua", nitakuwa nimefanya lilelile la madaftari: nimechukua kitu kimoja alichonacho mtu, nikakifanya sababu ya kila alichotenda, nikawasahau redio, wanasiasa, mapanga yaliyogawiwa, na miaka ya chuki iliyotangulia. Sikubali nifanyiwe hivyo, kwa hiyo siwezi kuwafanyia wengine. Kinachobaki ni kidogo lakini ni kigumu: imani ya mtu, peke yake, haikwambii atafanya nini mlango ukigongwa.

Halafu kuna ile nyingine, ambayo ndiyo inayonichosha kuliko zote: eti kutoamini si Uafrika. Umeletewa na wazungu. Husemwa na mtu aliyeshika kitabu ambacho nacho kilikuja kwa meli, lakini tuyaache hayo, ni rahisi mno. Hoja yenyewe ina baba msomi. John Mbiti, Mkenya na padri wa Kianglikana, alifungua kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwa kusema kwamba Waafrika ni watu wa dini kupindukia. Sentensi hiyo imenukuliwa mpaka imegeuka kama kipimo cha damu: usipokuwa na dini, basi huenda si Mwafrika.

Mwaka mmoja baadaye akamjibu Okot p'Bitek wa Uganda, huyuhuyu wa Wimbo wa Lawino ambao Paul Sozigwa alituletea kwa Kiswahili 1975. Okot alidai kwamba wasomi wa dini walikuwa wakiwavalisha miungu ya Kiafrika nguo za Kigiriki na kuiita Mungu mmoja muumba. Akasimulia kisa ambacho kila mwandishi chipukizi angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba lililosimama peke yake, hivyo swali likatafsirika kuwa nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee wakaona halina maana, mtu huzaliwa na mama yake. Wakajibu: hatujui. Wageni hawakuridhika, wakasisitiza wapewe jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha akashikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, akapinda, akawa kama kafinyangwa upya. Basi akasema: Rubanga ndiye huwafinyanga watu. Na Rubanga ni jina la pepo mbaya anayeaminika kuleta kibiongo. Jina hilo likachukuliwa, likaandikwa, likawa jina la Mungu.

Tumezoea kukicheka kisa hiki kwa sababu ya Rubanga. Mimi nakaa kwenye lile jibu la kwanza. Wazee wenye mvi, mbele ya wageni, walisema hatujui, tena bila haya. Hawakuwa wakana Mungu, na sitaki kuwabatiza upande wangu. Walikuwa na mapepo yao, makaburi yao na matambiko. Lakini "hatujui" lilikuwa jibu halali kwa swali la nani aliumba ulimwengu, na lilisemwa na Waafrika, katika lugha ya Kiafrika, kabla hawajasoma mwanafalsafa yeyote wa Ulaya. Lililofutwa siku ile ni lile "hatujui". Na katika utenzi wa Okot, Lawino naye anapowauliza walimu wa dini kuhusu huyo mfinyanzi na udongo wake, anachovuna ni hasira. Mwanamke wa kijijini asiyesoma! Msimlaumu Nietzsche kwa hilo.

Tena wapo waliosema waziwazi. Machi 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, siku hizo bado akiitwa James Ngugi, aliwahutubia wakuu wa Kanisa la Presbiteri jijini Nairobi akawaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja akasimama kwa ghadhabu na kumshutumu, na ushahidi wake ulikuwa mmoja: huyu anaitwa James! Ngũgĩ akaenda akaliacha jina. Kwetu hoja ya mzee yule bado inatembea. "Unaitwa Yusufu, utakuwaje huamini?" Kana kwamba baba alipokuwa ananichagulia jina, siku saba baada ya kuzaliwa, tulishauriana.

La kumwabudu shetani nalipita haraka, maana halihitaji muda. Kenya iliwahi kuundiwa tume nzima ya rais kuchunguza ibada za shetani, mwaka 1994, na mpaka leo ukisema huamini kuna atakayekusogelea akuulize kwa sauti ya chini kama umejiunga na Frimasoni na wanalipa kiasi gani. Jamani! Asiyeamini hana shetani. Shetani yumo katika vitabu vilevile ambavyo asiyeamini ameviweka chini. Ukitaka kumpata mtu anayemwogopa shetani, nenda kwa muumini.

Wala hatuko watatu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta watu zaidi ya laki saba na nusu waliojiandikisha kuwa hawana dini. Chama chao cha wakana Mungu kilisajiliwa Februari 2016, kikasimamishwa usajili Aprili mwaka uleule, na ilibidi Mahakama Kuu iingilie ili kirudi. Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hapa kila asiyeamini hujihesabu mwenyewe, akiwa kwenye daladala, akidhani yuko peke yake.

Na ndiyo maana hadithi ina kazi. Nirudi basi kwetu, tunaoandika.

Katika kikao kimoja cha kusomeana, mwenzetu alisoma hadithi ya mwalimu wa Bayolojia asiyeamini. Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Mwalimu anasahihisha madaftari kwa mshumaa, anamnunulia mwanafunzi wake miwani, anasimama kimya mstarini wenzake wakisali, mikono nyuma, bila dharau. Tulikuwa tumempenda. Ukurasa wa mwisho akapigwa na radi. Radi, Dar es Salaam, mwezi wa nane! Nikamwuliza mwandishi imetoka wapi. Akanijibu kwa uaminifu ambao sijausahau: "Sasa ningemmaliza vipi?"

Hakuwa na nia mbaya. Ni msomaji wa Kichwamaji kama mimi, ila amesoma toleo la daftari. Anajua kwamba mhusika wa aina hii lazima alipe kabla ya ukurasa wa mwisho, kama vile katika sinema za zamani jambazi lazima afe. Na aliogopa pia, hilo alilisema baadaye tukiwa tunakunywa chai: mama yake angesoma. Hapo sikuwa na la kumfundisha, maana mama yangu naye anasoma gazeti hili.

Marehemu Shaaban Robert alikuwa Mwislamu mcha Mungu, hakuna anayebisha. Lakini angalia alivyofanya katika Kusadikika, 1951. Ametunga nchi inayoelea angani, nchi ambayo hata jina lake linadai usadiki, akamweka Karama kizimbani, kisha akampa nafasi ya kujitetea siku baada ya siku mbele ya mfalme na baraza. Angeweza kumpiga radi ukurasa wa tano. Badala yake alimwacha aseme, na kitabu chenyewe kikawa ni huko kusema. Ninachowaomba wenzangu waumini wanaoandika ni hicho tu. Mhusika wenu asiyeamini msimpendelee. Mpeni ubahili, mpeni kiburi. Wapo wakana Mungu wenye kiburi cha kukera, wanaodhani kusoma kurasa kumi za Darwin kunawapa ruhusa ya kumcheka bibi mwenye tasbihi. Kazimoto mwenyewe ana kiburi hicho, na Kezilahabi hakumfichia. Lakini mpeni pia kodi ya nyumba, mchumba, mdogo wa kumsomesha, jioni ya kawaida ambayo hakuna kinachomtokea.

Na kama lazima afe, kuna tukio ambalo bado halijaandikwa ipasavyo, nami nalitamani. Mazishi yake. Hapa kwetu kufa ni kwa wote. Chama cha kuzikana kimeshachangisha, na mweka hazina hakuuliza marehemu aliamini nini kwa sababu marehemu hakuwahi kukosa mchango hata mwezi mmoja. Turubai limefungwa, sufuria ziko motoni, wanawake wa mtaa wamekuja na kanga zao. Mjomba anataka shehe aitwe, shangazi upande wa mama anataka katekista. Mjane anasema, kwa sauti ya chini, kwamba aliachiwa barua: asisomewe chochote, aimbiwe tu taarabu aliyokuwa akiipenda. Wazee wanatazamana. Jua linazama, kaburi limeshachimbwa, vijana waliochimba wamekaa kando wanangoja na makoleo, na mwenyekiti wa mtaa ameshashika kipaza sauti, kila mtu anamwangalia, na hajui aanze na neno gani.